Kuhifadhi Chakula Nyumbani: Sayansi ya Maji, Tindikali na Moto

Mnamo mwezi Machi 2020, ugonjwa wa korona ulipokuwa ukienea duniani, serikali nyingi ziliwataka wananchi wabaki majumbani. Uingereza ilitoa amri hiyo tarehe 23 Machi. Nchini Kenya kafyu ya usiku ilianza tarehe 27 ya mwezi uo huo. Tanzania haikuwafungia watu wote majumbani, lakini shule zilifungwa tangu tarehe 17 Machi hadi mwezi Juni. Na huko Uganda wapo wanafunzi waliokaa bila kuingia darasani mpaka Januari 2022. Katika siku hizo mikono mingi iliyokosa shughuli ilirudia kazi za zamani za nyumbani: kusuka, kufuma, kushona, kuoka mikate, kuanika mboga na kutia matunda katika chupa. Huko Marekani watu walioanza kuhifadhi matunda na mboga katika chupa walikuwa wengi hata vifuniko maalumu vya chupa hizo vikaadimika madukani mwaka huo.

Kazi hizo zina raha yake. Anayesuka ukili huona mkeka ukiongezeka upana, na anayepika jamu huona matunda yaliyokaribia kuoza yakigeuka kuwa chakula kinachong'aa ndani ya kioo. Hata hivyo kuhifadhi chakula hutofautiana na kazi nyingine za mikono kwa jambo moja kubwa. Mkeka uliosukwa vibaya huonekana kuwa ni mbaya. Chakula kilichohifadhiwa vibaya chaweza kuwa kizuri machoni, puani na hata ulimini, na bado kikamuua mlaji. Kwa sababu hiyo mazoea peke yake hayatoshi, na hapana budi mpishi ajue kwa nini kila hatua hufanywa. Sababu zenyewe si nyingi, na zote zimo katika masomo ya biolojia, kemia na fizikia ya shule ya sekondari.

KWA NINI CHAKULA HUHARIBIKA

Tunda lililochumwa huendelea kuwa hai. Vimeng'enya vilivyomo katika seli zake huendelea kufanya kazi: huliivisha, hulilainisha, na mwishowe hulifanya liwe jeusi. Wakati huo huo viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho, yaani bakteria, hamira na kuvu, hulishambulia. Viumbe hivyo vimo hewani, udongoni, mikononi mwa mpishi na juu ya ganda la tunda lenyewe. Haiwezekani kuvizuia visifike.

Linalowezekana ni kuvinyima mahitaji yao. Kiumbe kidogo chahitaji maji ili kiishi. Chahitaji mahali pasipo na tindikali kali. Na chahitaji joto la kadiri. Ndiyo kusema kwamba njia zote za kuhifadhi chakula nyumbani, ziwe za Pemba, za Shinyanga au za Ulaya, ni namna mbalimbali za kufanya moja kati ya mambo matatu: kuyaondoa au kuyafunga maji, kuongeza tindikali, au kuua kwa moto na kisha kuziba. Mara nyingi njia mbili au tatu huunganishwa katika chombo kimoja.

KUONDOA MAJI: KAZI YA JUA

Embe bivu lina maji yapatayo asilimia 83 ya uzito wake. Katika kilo moja ya nyama ya embe, yaani gramu 1,000, vitu vikavu ni gramu 170 tu. Embe hilo likikaushwa hata maji yakabaki asilimia 15, zile gramu 170 zitakuwa asilimia 85 ya uzito mpya. Basi uzito mpya ni 170 ÷ 0.85, yaani gramu 200. Maji yaliyoondoka ni gramu 800. Hesabu hii yafaa kufanywa kabla ya kuanika, kwa kuwa humpa mpishi kipimo cha kweli: embe likiwa bado na uzito wa gramu 300 halijakauka, hata kama juu linaonekana kavu.

Watu wa bara wamekuwa na ujuzi huu tangu zamani. Katika sehemu za Usukuma viazi vitamu vibichi hukatwa vipande vyembamba na kuanikwa vikawa michembe. Vingine huchemshwa kwanza, ndipo vikakatwa na kuanikwa vikawa matobolwa. Tofauti ya njia hizo mbili ni somo la biolojia. Maji ya moto huviharibu vimeng'enya, hivyo viazi vilivyochemshwa havibadiliki rangi na ladha kama vile vilivyoanikwa vibichi. Kwa sababu hiyo hiyo mboga za majani hutumbukizwa katika maji yanayochemka kwa dakika mbili au tatu kabla ya kuanikwa.

Pwani mambo ni tofauti. Samaki wa pwani hupasuliwa, hutiwa chumvi na ndipo huanikwa, wakaitwa ng'onda. Embe bichi na ndimu hutiwa chumvi na kuwa achari. Kwa nini jua peke yake hutosha Dodoma au Shinyanga, lakini Unguja huhitaji kusaidiwa na chumvi? Jibu limo katika hewa. Hewa ya pwani ina mvuke mwingi wa maji, na hewa iliyokaribia kujaa mvuke haiwezi kupokea mvuke zaidi kutoka katika chakula. Hewa ya nyanda kavu za bara, wakati wa kiangazi, ina nafasi kubwa ya kuupokea.

Fizikia yaonyesha namna ya kuishinda hali hiyo. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye joto la nyuzi 30 za Sentigredi huweza kuchukua mvuke wa gramu 30 hivi. Hewa hiyo ikipashwa moto hadi nyuzi 45 huweza kuchukua gramu 65 hivi. Ikiwa hewa ya pwani ina gramu 24 za mvuke, basi kwa nyuzi 30 imejaa kwa asilimia 80. Lakini ikipashwa hadi nyuzi 45 itakuwa imejaa kwa asilimia 37 tu. Mvuke ni ule ule, ila nafasi imeongezeka. Hii ndiyo kanuni ya sanduku la kukaushia kwa jua.

Sanduku hilo ni kazi nzuri ya mikono kwa mwanafunzi aliye nyumbani au kwa darasa zima. Hutengenezwa kwa mbao, likawa refu nyuma na fupi mbele, ili mfuniko wake ulalie upande. Mfuniko huwa wa kioo au wa plastiki inayopitisha mwanga. Ndani hupakwa rangi nyeusi, kwa kuwa weusi hupokea joto la jua kuliko rangi nyingine. Matundu ya kuingizia hewa hutobolewa chini upande wa mbele, na ya kutolea hewa hutobolewa juu upande wa nyuma. Hewa ya moto ikipanda hutoka na kuvuta hewa mpya. Matundu yote huzibwa kwa wavu mwembamba ili nzi wasiingie. Chakula hupangwa juu ya vitanda vyepesi vilivyosukwa kwa matete, kwa mianzi iliyopasuliwa au kwa ukindu uliosukwa kwa kuachwa wazi ili hewa ipite. Wavu wa chuma uliopakwa zinki usiguswe na matunda, kwa maana tindikali ya matunda huiyeyusha zinki na kuiingiza katika chakula. Joto la ndani likifika nyuzi 55 hadi 60, matunda hukauka vizuri bila ya kuiva.

Jambo moja lastahili kuangaliwa. Mwanga mkali wa jua huharibu karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na vitamini C hupotea pia. Mboga za majani zikaushwe kivulini penye upepo, au ndani ya sanduku lililotandazwa kitambaa cheusi juu ya mfuniko wake wakati jua ni kali.

Kukausha nusu nusu ni hatari kuliko kutokausha kabisa, kwa sababu chakula chenye unyevu kidogo huwekwa ghalani kwa imani kwamba ni kikavu. Mwaka 2004 katika wilaya za mashariki ya Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafariki baada ya kula mahindi yaliyokuwa na sumu iitwayo aflatoksini. Sumu hiyo hutolewa na kuvu wanaoota katika nafaka iliyowekwa na unyevu. Kuipika nafaka hakuiondoi sumu hiyo. Mahindi yanayowekwa ghalani yanatakiwa yawe na unyevu usiozidi asilimia 13.5.

KUYAFUNGA MAJI: CHUMVI NA SUKARI

Si lazima maji yatoke katika chakula. Yatosha yafungwe, yasipatikane kwa viumbe vidogo. Chumvi na sukari hufanya hivyo. Bakteria akiwa ndani ya myeyusho mzito wa chumvi au sukari, maji yaliyomo katika seli yake hutoka nje kupita katika utando wake, kwa njia ya osmosisi. Seli hunyauka, nayo haiwezi kukua wala kuzaa.

Kiasi cha chumvi ni muhimu, na kipimwe kwa mizani. Kijiko cha chumvi ya mawe na kijiko cha chumvi laini havina uzito sawa. Bakteria wa hatari kuliko wote, atakayeelezwa baadaye, haoti mahali ambapo chumvi imefika sehemu 10 katika kila sehemu 100 za maji ya chumvi yaliyomo ndani ya chakula. Chumvi iliyonyunyizwa juu ya samaki mnene isifike mfupani haimlindi. Ndiyo maana mvuvi humpasua samaki na kumfungua kama kitabu kabla ya kumtia chumvi.

Sukari huhitajika kwa wingi zaidi. Jamu nzuri huwa na sukari ipatayo asilimia 65 ya uzito wake, ikijumlishwa ile ya tunda na ile iliyoongezwa. Wapishi wengi huikisia hali hiyo kwa kudondosha jamu juu ya kisahani baridi na kutazama kama itaganda. Njia hiyo ni njema, lakini mizani hutoa jibu lililo wazi. Mfano: mpishi ametia sufuriani gramu 1,000 za nyama ya embe na gramu 1,000 za sukari. Ikichukuliwa kwamba embe lilikuwa na sukari yake gramu 150, sukari yote ni gramu 1,150. Ili iwe asilimia 65, uzito wa jamu yote uwe 1,150 ÷ 0.65, yaani gramu 1,770 hivi. Sufuria hupimwa kwanza ikiwa tupu. Jamu huchemshwa mpaka uzito wake, ukiondoa wa sufuria, ufike gramu 1,770. Maji yapatayo gramu 230 yatakuwa yamekwenda hewani.

Kuganda kwa jamu ni jambo la pektini, kitu kinachoshikamanisha kuta za seli za mimea. Pektini imo kwa wingi katika mapera na katika maganda na kokwa za ndimu na machungwa. Katika maembe mabivu sana imo kidogo. Nayo haigandi pasipo tindikali na sukari ya kutosha. Kwa hiyo maji ya ndimu katika jamu ya embe yana kazi mbili: huigandisha jamu, tena huilinda.

TINDIKALI: ACHARI NA VYAKULA VYA KUCHACHUSHWA

Ukali wa tindikali hupimwa kwa pH. Namba ikiwa ndogo tindikali ni kali, na kila hatua moja ya namba ni tofauti ya mara 10. Maji safi yana pH 7. Maji ya ndimu yana pH ipatayo 2 hadi 2.5. Siki huwa kati ya 2.5 na 3.5. Embe bichi huwa chini ya 4.6 kwa kawaida, lakini embe lililoiva sana hupoteza tindikali yake na laweza kupita namba hiyo. Nyanya huwa kati ya 4.3 na 4.9. Mboga, maharage, nyama na samaki vyote vimo kati ya 5 na 7.

Namba 4.6 ndiyo mpaka ambao kila mwenye kuhifadhi chakula nyumbani apaswa kuukumbuka. Chini ya namba hiyo yule bakteria wa hatari hawezi kuota. Nyanya ziko pande zote mbili za mpaka, na macho hayawezi kutambua ipi iko wapi. Kwa hiyo zinapotiwa katika chupa huongezwa vijiko viwili vya chakula vya maji ya limau kwa kila lita. Maji ya limau yauzwayo yakiwa katika chupa ndiyo yategemewayo zaidi, kwa kuwa ukali wake haubadiliki.

Karatasi ya litimasi haitoshi kwa kazi hii. Litimasi hubadilika rangi taratibu kati ya pH 4.5 na 8.3. Chakula chenye pH 5 huifanya karatasi ielekee wekundu, na mwanafunzi akadhani kwamba tindikali yatosha, kumbe haitoshi. Itumike karatasi ya kipimo cha pH yenye rangi nyingi, au kifaa maalumu cha kupimia.

Achari ya pwani hulindwa na tindikali na chumvi kwa pamoja. Embe bichi au ndimu hukatwa vipande vidogo, si kwa ajili ya uzuri tu, bali ili chumvi na tindikali vifike hadi katikati ya kipande. Mafuta yanayomiminwa juu ya achari hayaui kitu chochote. Kazi yake ni kuzuia hewa, na kwa hiyo huwazuia kuvu. Lakini wapo bakteria wanaostawi hasa mahali pasipo hewa. Vitunguu saumu vilivyowekwa ndani ya mafuta peke yake, bila siki wala ndimu, ni mfano wa hatari hiyo. Mwaka 1985 watu 36 waliugua kwa sababu ya chakula cha namna hiyo waliokila katika mji wa Vancouver, Kanada.

Kuna njia nyingine ya kupata tindikali, nayo ni kuwaachia bakteria wema waitengeneze. Bakteria wa laktiki hugeuza sukari kuwa tindikali ya laktiki; hao ndio wanaogandisha maziwa na kuichachusha togwa. Kabichi iliyokatwa nyembamba hutendewa vivyo hivyo. Kilo moja ya kabichi huchanganywa na chumvi gramu 20 hadi 25, hupondwa mpaka itoe maji yake, kisha hushindiliwa katika chombo cha kioo au cha udongo na kuwekewa uzito juu ili izame kabisa. Chumvi ikipungua, bakteria wa kuozesha hutangulia. Ikizidi mno, hata bakteria wa laktiki hushindwa. Katika joto la pwani kazi hiyo huenda haraka sana, hivyo chombo kiwekwe mahali penye ubaridi kuliko pote nyumbani.

MOTO NA MAHALI PA KUPIKIA

Mfaransa Nicolas Appert ndiye aliyeonyesha kwamba chakula kilichotiwa katika chupa, kikazibwa na kuchemshwa, hudumu muda mrefu. Mwaka 1810 serikali ya Ufaransa ilimpa tuzo ya faranga 12,000 kwa ugunduzi huo. Appert mwenyewe hakujua sababu yake. Ilipita nusu karne kabla Louis Pasteur hajathibitisha kwamba uharibifu huletwa na viumbe vidogo, na kwamba moto huviua.

Jamu na achari iliyopikwa hutiwa zikiwa za moto katika chupa za moto, kwa maana chupa baridi hupasuka. Vifuniko hufungwa, na chupa huchemshwa zikiwa zimezama kabisa katika maji. Zinapopoa, mvuke uliomo chini ya kifuniko hugeuka maji, kanieneo la ndani hupungua, na hewa ya nje hukigandamiza kifuniko kikazibana. Mlio mdogo wa kifuniko kikibonyea ni dalili ya fizikia hiyo.

Muda wa kuchemsha hutegemea mahali. Maji huchemka kwa nyuzi 100 penye usawa wa bahari, na kila mwinuko wa mita 300 hupunguza joto hilo kwa nyuzi 1 hivi. Nairobi, iliyo kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, maji huchemka kwa nyuzi 94. Maji ya Nairobi yanapochemka hayana moto wa maji ya Mombasa yanapochemka, hata kama yanatokota kwa nguvu namna gani. Kwa hiyo achari iliyopikwa na kutiwa katika chupa ndogo, ambayo pwani huchemshwa dakika 10, huchemshwa dakika 15 katika sehemu zilizo kati ya mita 300 na 1,800, na dakika 20 katika sehemu zilizo juu zaidi.

Jamu nayo hufuata sheria hiyo. Huwa tayari joto lake linapozidi lile la maji yanayochemka kwa nyuzi 4 au 5. Dar es Salaam ni nyuzi 104 hadi 105. Nairobi ni 98 hadi 99. Vitabu vingi vya mapishi vimeandikwa kwa nchi za mabondeni. Mpishi wa Nairobi atakayengoja kipimajoto kifike 104 atapata kitu kigumu kama peremende, akamlaumu muuza matunda.

HATARI ISIYOONEKANA

Bakteria aliyetajwa mara kadhaa huitwa Clostridium botulinum. Huishi udongoni duniani kote. Mnamo Desemba 1895, katika kijiji cha Ellezelles nchini Ubelgiji, wanamuziki 34 walikula paja la nguruwe lililotiwa chumvi baada ya kupiga muziki mazikoni. Wengi waliugua na watatu wakafa. Mwanasayansi Émile van Ermengem aliichunguza nyama hiyo na miili ya waliokufa, akampata bakteria huyo.

Mambo matatu humfanya awe adui wa pekee. Kwanza, hawezi kukua penye hewa. Chupa iliyozibwa vizuri ndiyo makao yake. Pili, anapopatwa na shida hujifunga katika spora, kama mbegu yenye ganda gumu, na spora hizo hustahimili maji yanayochemka kwa saa nyingi. Huuawa kwa nyuzi 121, joto lisilopatikana katika sufuria ya kawaida, bali katika chombo cha mvuke wenye kanieneo kubwa. Tatu, sumu yake huathiri neva kwa kiasi kidogo mno, na chakula chaweza kukosa harufu wala rangi ya kukisaliti. Dalili huanza mara nyingi baada ya saa 12 hadi 36: kope hulegea, mgonjwa huona vitu viwili viwili, hushindwa kumeza na kusema, na mwishowe kupumua. Mgonjwa wa namna hiyo apelekwe hospitali mara moja.

Hapa mtu aweza kuona kosa linalofanywa na mpishi mwenye nia njema. Huchemsha maharage, samaki au mboga, huviziba katika chupa, huchemsha chupa hizo saa nzima, na kuziweka kabatini. Moto wake umewaua bakteria wote isipokuwa spora, umeifukuza hewa, na tindikali haipo. Amemtengenezea adui mahali pazuri, tena amewaondoa washindani wake. Chakula hicho kikavu au chenye chumvi nyingi kingekuwa salama kuliko hicho kilichopikwa.

Sumu yenyewe, tofauti na spora, huharibiwa kwa kuchemsha chakula dakika 10 au zaidi. Lakini kinga ya kweli ni kutoitengeneza. Chakula kinachoshukiwa kisionjwe hata kidogo. Kitupwe mahali ambapo watoto na mifugo hawafiki.

KANUNI KWA UFUPI

1. Matunda yenye tindikali yafaa kwa jamu, achari na chupa zilizochemshwa. Penye shaka iongezwe ndimu au siki.
2. Mboga, maharage, nyama na samaki visizibwe katika chupa nyumbani. Vikaushwe au vitiwe chumvi ya kutosha. Mboga zaweza pia kuchachushwa.
3. Chumvi na sukari zipimwe kwa mizani.
4. Kilichokaushwa kithibitishwe kwa uzito, wala si kwa macho.
5. Muda wa kuchemsha ufuate mwinuko wa mahali.
6. Jamu iliyoota kuvu itupwe yote. Kuukwangua weupe wa juu hakutoshi.

MAJARIBIO

Jaribio la kwanza. Wanafunzi wachukue vipande viwili vya kiazi mbatata vyenye uzito sawa. Kimoja kitiwe katika maji safi, cha pili katika maji ya chumvi yenye gramu 10 za chumvi kwa gramu 90 za maji. Baada ya saa mbili vipanguswe na kupimwa. Kipi kimeongezeka na kipi kimepungua?

Jaribio la pili. Chupa safi ya kioo, iliyokauka kabisa, itiwe mahindi hadi theluthi yake, pamoja na vijiko viwili vya chumvi kavu. Izibwe, itikiswe dakika chache, kisha iachwe itulie robo saa. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi yana unyevu uliozidi asilimia 15, nayo yarudishwe juani.

Jaribio la tatu. Maji yachemshwe shuleni na joto lake lipimwe. Kutokana na joto hilo wanafunzi wakisie mwinuko wa shule yao, kisha walinganishe na ramani.

MASWALI

1. Mboga kilo 5 zina maji asilimia 90. Zikikaushwa hadi maji yawe asilimia 10, uzito wake utakuwa gramu ngapi?
2. Mapera kilo 2 yenye sukari ya asili gramu 160 yamepikwa na sukari kilo 1.5. Jamu iwe na uzito gani ili sukari iwe asilimia 65?
3. Shule iko kwenye mwinuko wa mita 2,100. Maji yatachemka kwa nyuzi ngapi, na jamu itakuwa tayari kwa nyuzi ngapi?
4. Eleza kwa nini matobolwa huchemshwa kabla ya kuanikwa.
5. Mtu asema: "Achari yangu haiwezi kuwa na sumu, kwa maana mafuta yameifunika." Mjibu kwa kutumia biolojia na kemia.

Majibu ya hesabu: (1) gramu 556 hivi. (2) Gramu 2,554 hivi. (3) Nyuzi 93 hivi. Jamu nyuzi 97 hadi 98.